Zimwi Lililokuja na Daftari la Mahudhurio

Wewe unayenisikiliza, umewahi kusaini karatasi bila kuisoma? Usicheke. Jibu kwanza.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mlima wenye msitu. Wenye nguvu wakaufyeka, wasio na kazi wakaitwa kuupanda upya. Tena bure!

Basi, hapo zamani, na zamani yenyewe si mbali, palikuwa na dada wawili, Mghoi na mdogo wake Wakesho. Mghoi alikuwa na digrii ya misitu. Ilikaa ndani ya nailoni chini ya godoro miaka minne. Wakesho alikuwa na diploma. Nayo ikatiwa hapo hapo, godoro likazidi kunenepa.

Juu ya kijiji chao chemchemi ilikauka. Vyura walinyamaza. Shorobo, yule ndege wa mabawa mekundu, alihama. Basi vijana wakaunda kikundi. Kila Jumamosi walichimba mashimo, wakapanda miche ya asili, wakapandisha maji kwa madumu mgongoni.

Siku moja akaja mratibu. Koti la kung'aa, buti mpya, meno mengi kupita kiasi. Lilikuwa zimwi. Nani angejua? Waratibu wote wana meno.

"My people!" likasema. "Nawapenda sana! Anayejitolea kwa moyo atapata cheti, atapata barua, atapata ajira. Njooni msaini daftari la mahudhurio."

Wakasaini. Jioni Mwadime, aliyetangulia kusaini, hakuonekana.

"Kapata kazi!" wakasema wenzake. "Kaitwa mjini, hata kutuaga hakutuaga. Mchoyo yule!"

Jumamosi ya pili akatangulia Mkawasi, naye hakuonekana.

"Kapata kazi!"

Jumamosi ya tatu watu walipigana viwiko kwenye foleni ya daftari. Mghoi, kama kawaida, alikuwa shimoni, tope hadi kwapani, na kila akitoka daftari limeshafungwa.

"Dada, chimba wewe na digrii yako," Wakesho akamrushia maneno. "Mimi natangulia."

Akasaini. Hakurudi.

"Kapata kazi!" Hata mama yake akapiga vigelegele. Ndiyo, alipiga vigelegele.

Basi Mghoi akapanda mlimani peke yake kumwagilia. Akakuta miche mitatu imekuwa miti mikubwa, minene kama kiuno cha mtu. Akaugusa mmoja. Ulikuwa na joto.

"Dada," ukasema mti kwa sauti ya Wakesho, "usisaini. Linatula, halafu mifupa linaizika kwenye mashimo yetu. Tumbo lake husoma daftari, kuanzia jina la juu. Jina likiwemo, tumbo linamtaka mwenye jina. Lisipokuwemo, halimwezi."

"Nikutoeje, mdogo wangu?"

"Huku hatoki mtu. Zuia wengine."

Mghoi akalia mpaka akaona kulia hakumwagilii mche. Akajua akiwaambia wenzake, watasema ana wivu.

Jumamosi ya nne zimwi likaja, likafungua daftari.

"Saini, mrembo!"

"Mikono ina tope."

"Saini!"

"Kalamu yako imekauka."

"Toka hapo, Mghoi!" wakafoka wenzake. "Wewe kazi huitaki, sisi tunaitaka!"

"Saini!" likanguruma zimwi.

"Anza wewe, bosi," akasema Mghoi. "Daftari lisilo na saini ya mratibu, ofisini wanasema kazi haikufanyika. Au mratibu hajui kuandika?"

Watu wakacheka. Zimwi likaona haya, na zimwi likiona haya hukosa akili. Likanyakua kalamu, likasaini saini ndefu yenye mikia mitatu.

Tumbo likasoma.

Mkono uliosaini ukaingia mdomoni. Likala kiganja. Likala kiwiko. Likala bega.

"Nisaidieni, my people!"

"Ulijitolea mwenyewe," akasema Mghoi.

Likajila miguu, likajila kifua, hadi yakabaki meno yanatafunana majanini. Kisha hata hayo yakaisha. Hapo ndipo Mghoi akawaambia wenzake miti ile ni akina nani. Hakuna aliyesema tena kapata kazi.

Msitu ukashika. Chemchemi ikatoa maji, vyura wakapiga kelele, shorobo akarudi, akajenga kiota juu ya Wakesho. Mama yake hupanda kila asubuhi kuukumbatia ule mti, na mti haujibu tena.

Mwaka uliofuata wakubwa wakaja kupiga picha. Wakamwegemea Wakesho, wakatabasamu, wakasema, "Vijana wetu wana moyo!"

Hadithi yangu inakomea hapo, na funzo lake ni hili: kuponya ardhi ni kazi njema, lakini anayetumia njaa yako kukuvuta huyo ni zimwi, hata akivaa koti la ofisi.

Nanyi wakubwa, acheni picha. Simameni mbele ya mama yake Wakesho mumwambie: mliposema nafasi za kazi hakuna, zimwi liliajiriwa na nani? Mtajeni!