Gurudumu la Chande

Msugua mno hufuta jina. Mmenisikia nikimwambia jirani, mkacheka, mkadhani nazungumzia sufuria zake. Kaeni basi. Methali hii ilianza hapahapa Shimoni, nyumba ya nyuma ya kisima, kwa Bi Mwanasha.

Mumewe, Chande, alikuwa akiwachukua wageni kwenda kuvua samaki wakubwa. Mgeni mmoja akamwachia gurudumu lake la kuzungushia mshipi, la kizamani, shaba tupu. Chande akachukua msumari akachora jina lake mwenyewe ubavuni, herufi zikaenda upande kama kaa, maana hakuwa mtu wa kalamu. Mwaka uleule bahari ikamchukua, binti yake Riziki bado ananyonya. Picha hakuacha. Kilichobaki cha mkono wake ni zile herufi tu.

Sasa, shaba ya pwani haina subira. Chumvi ikiigusa, huota ukungu wa kijani, na Bi Mwanasha hakuweza kuuvumilia. Kila akimaliza kuswali alasiri alifungua skrubu, akatandaza vipande mkekani, akavisugua kwa ndimu na jivu, kisha akavipaka mafuta ya nazi. Akiitwa harusini hujibu, "Nikimaliza." Hakumaliza. Wenzake wakachoka kumwita. Riziki naye alikua akiambiwa, "Usiguse, utalichafua." Mimi nilikuwa nikipita mlangoni pake nikimwonea huruma, na hasira pia.

Riziki akaolewa Tanga. Miaka ikapita, akarudi na mtoto wa kiume mgongoni.

"Mama, nimempa jina la baba. Nionyeshe mwandiko wake, mtoto aguse. Ndicho nilichojia."

Bi Mwanasha akalifungua gurudumu kutoka kitambaani. Lilimetameta. Riziki akaligeuza, akaligeuza tena.

"Uko wapi?"

"Si hapo ubavuni?"

"Mama, hapa naona uso wangu tu."

Bi Mwanasha akalichukua, akapitisha kidole mahali pa herufi. Laini. Akaenda nalo mlangoni penye mwanga, akajiona mwenyewe, mzee, peke yake.

"Nilikuwa namtunza," akasema. "Wallahi, mwanangu, nilikuwa namtunza."

Riziki alikuwa analia. Mtoto ndiye aliyenyoosha mkono wake uliojaa uji, akalishika gurudumu kwa vidole vyote. Bibi yake akanyakua kitambaa apanguse. Akasita, akakiweka chini.

Alama za vidole vile zilikaa pale mpaka zikaota ukungu wa kijani, na hakuna aliyezigusa. Bi Mwanasha akaanza kutoka nje. Na kila aliposikia mfiwa amejifungia ndani na vitu vya marehemu wake, alikwenda kumgongea mlango, akakaa naye, akamwambia bila kuinua sauti: msugua mno hufuta jina.