Nundu ya Fisi na Povu la Bi Chura

Kiangazi kilikaza hata bwawa likabaki tope, na wanyama wote wakapauka kama majivu. Bi Chura, wa ukoo wa vyura wakaao mitini, hakuteremka. Kwa desturi ya ukoo wake alikuwa amepiga povu jeupe kwenye tawi lililoinamia bwawa, akayahifadhi mayai yake humo, akingoja mvua iwadondoshe wanawe majini. Alililinda bila kupepesa macho.

Adhuhuri moja Fisi alimfuata Sungura hadi chini ya mti huo.

"Bwana Sungura, nipe amana yangu. Leo naenda kwa wakwe."

Amana yenyewe ilikuwa nundu ya ng'ombe. Fisi alijua kwamba chakula kikilala naye hakiamki, ndiyo maana alimkabidhi Sungura, mla majani.

"Ipo, sahibu," akajibu Sungura. "Nimeitundika juu, siafu wasiifikie. Huioni ilivyonona?" Akalionyesha lile povu.

Mate yakamtiririka Fisi. Akalikumbatia shina, akalitikisa. Tawi likayumba, na moyo wa Bi Chura ukayumba nalo.

"Bwana Fisi, hayo ni mayai yangu!"

"Usimsikilize, kaka! Huoni macho yalivyomtoka kwa uroho? Tikisa!"

Bi Chura akatazama chini, akaona jambo.

"Haya, nitanyamaza. Ila nina swali. Ukame umetupausha sote. Hata Simba ana magaga. Mbona masikio ya sahibu yako yanang'aa kama ya bwana harusi?"

Fisi akageuka. Sungura akayalaza masikio upesi.

"Ni jasho tu, kaka."

Fisi akalidaka sikio moja, akalilamba, akafumba macho.

"Jasho hili," akasema taratibu, "lilikuwa na pembe na kwato."

"Nilijipaka mafuta yake kidogo tu! Ngozi ilikuwa ikiniwasha!"

"Tulia. Nakula amana yangu."

Akamkalia, akamlamba kutoka sikio hadi mkia, na kila alipofika penye mnofu alisita, akameza mate. Sungura akaomba radhi kwa sauti ya kitoto, wanyama wote waliovutwa na kelele wakitazama. Alipoachiliwa, alitimua mbio akiwa amelowa chapachapa, naye Fisi akaenda ukweni mikono mitupu.

Mvua ilipofika, povu lililainika taratibu, na watoto wa Bi Chura wakadondoka majini salama.

Njia ya mwongo ni fupi.