Kiboko Aliyeimba Kimya

Jamani mliokaa, masikio mnayo?

Tunayo!

Yamelala?

Yako macho!

Basi yashikeni, maana hadithi hii ina makelele.

Alikuwepo Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, mnene wa mashavu, mkia hana. Pimbi alitunga mashairi, lakini mashairi yake yaliwatoa wanyama jasho. Wenzake walipanga vina na mizani. Yeye alilichukua neno, akalitafuna, akalitema vipande. Akitaka kusema "maji", alisema: "Ma! Mamama. Ji? Jiii!"

"Maana yake nini?" wakamwuliza.

"Bado halijaiva," akawajibu.

Kwenye mti mkavu jirani aliishi Kigong'ota, ndege mwenye mdomo kama patasi. Yeye alipiga muziki. Hakupiga ngoma, alipiga chochote: chungu kilichopasuka, gamba la Kobe, tena Kobe mwenyewe akiwa ndani. Ko! Ko-ko! Siku moja Pimbi akaisikia ile nafasi inayobaki kati ya pigo na pigo, akatia silabi yake humo.

"Ko!"

"Ma!"

"Ko-ko!"

"Ji!"

Kigong'ota akafurahi. Akajifunza kwa Pimbi kukata mlio vipande, akawa anagonga nusu pigo. Pimbi naye akajifunza kwa Kigong'ota kunyamaza, akatunga shairi la beti tupu. Ikawa haijulikani tena nani mshairi, nani mpiga muziki. Kobe akahama.

Ukaja ukame. Vijito vikakauka, likabaki bwawa moja la chemchemi, na ndani yake akajaa Kiboko.

Swala akaenda. "Bwana mkubwa, tone tu."

"Hapana! Maji yangu!"

Punda milia akaenda. "Bwana mkubwa, tone tu."

"Hapana! Maji yangu, tope langu, viluwiluwi vyangu!"

Pimbi akaenda, watoto wake mgongoni, ndimi zimewakauka hata kulia hawawezi. "Bwana mkubwa, tone tu, la watoto."

"Hapana!" Kiboko akapiga maji kwa mkia, chubwi! Tone likamrukia mtoto mmoja puani. Kiboko akafoka, "Rudisha hilo!"

Pimbi alirudi majabalini, akawatazama wanawe wakilamba jiwe. Moyo ukamuuma, kisha ukawaka hasira. Akamwita Kigong'ota, wakanong'onezana, ndege akacheka mpaka akaanguka tawini.

Kulipokucha wakaenda bwawani na wanyama wote.

"Leo kuna wimbo mpya," Pimbi akatangaza. "Swala ataimba 'ma'. Punda milia ataimba 'ji'. Kigong'ota atagonga."

Kiboko akatoa kichwa. "Na mimi?"

"Wewe, Bwana, utasikiliza."

"Mimi sisikilizi! Sehemu kubwa kuliko zote ni ipi?"

Pimbi akajikuna shavu kama asiyetaka kusema. "Ni kimya, Bwana. Sisi tunaimba vipande vipande. Kimya kinaanza mwanzo na hakikomi mpaka mwisho."

"Kimya ni changu!"

"Lakini ni kigumu..."

"Changu! Chote! Asinyamaze mwingine hapa!"

"Basi mwimbaji wa kimya husimama kule kilimani, macho kafumba, mdomo kafumba. Akitoa sauti, sehemu yake anapewa Fisi."

"Fisi? Thubutu!"

Kiboko akatoka majini, pwaaa! Akapanda kilima, akafumba.

Ko! akagonga Kigong'ota. Swala akaingia majini: "Maaa!" Gugu-gugu-gugu. Punda milia akaingia: "Jiii!" Gugu-gugu-gugu. Wote wakaingia, gugu-gugu-gugu, maana kunyamaza walikatazwa.

Kiboko akalisikia bwawa lake likinywewa. Mashavu yakamtetemeka, jasho jekundu likamtoka. Pimbi akaogopa: mdomo ule ukifunguka, wanawe wote wanaenea humo. Akapaza sauti, "Safi sana, Bwana! Nyamaza kwa nguvu zaidi!"

Kiboko akazidisha.

Mtoto mdogo kabisa wa Pimbi akanywa, akapata sauti, akalia, "Ngaaa!" Mama yake akaketi topeni. Katika mashairi yake yote, hakuwa na ubeti kama ule.

Wimbo ukaisha, makofi pa-pa-pa! Kiboko akashuka, akaingia bwawani. Maji yakamfika kwatoni.

"Maji yangu yako wapi?"

Wanyama wakajifuta midomo.

"Yameimbwa, Bwana," akasema Pimbi.

Kiboko akafikiri. Kufikiri kulimchosha. Kisha akauliza polepole, "Na mimi... nimeimbaje?"

"Tangu nizaliwe sijasikia kimya kinene kama kile."

Kiboko akatanua kifua. "Kesho tena," akasema. Usiku chemchemi ikajaza bwawa, na asubuhi wakamkuta kilimani, amefumba mdomo, anawasubiri kwa hasira kwa kuwa wamechelewa.

Hadithi yangu imekunywa, imeshiba, inakwenda zake kulala. Funzo lake ni hili: mashairi yasiyoeleweka hayana faida yoyote, na kugonga vyungu vibovu hakujawahi kumnywesha mtu maji. Nanyi watoto, mkubwa akisema nyamazeni, nyamazeni.