Mapipa ya Makaa ya Magunzi

Nyuma ya karakana ya kutia rangi vitambaa palikuwa na mtaro uliobadilika kama kinyonga: leo mwekundu, kesho buluu kama wino. Mtaro huo ulishuka hadi kwenye bustani za mboga, nao wakulima walikuwa wamechoka kuvuna majani yenye madoa. Hatimaye afisa wa mazingira alimpa mwenye karakana, mjane aliyeitwa Mama Rangi, onyo la mwisho: asafishe maji au afunge.

Mama Rangi hakukaa kitako kulia. Aliokota vilivyotupwa na wenzake: magunzi ya mahindi, maganda ya karanga, unga wa mbao kutoka kwa seremala. Akavichoma katika pipa lililofunikwa hadi vikawa makaa, akayasaga, akayasuuza, kisha akayapanga mapipani tabaka kwa tabaka na mchanga. Maji yaliingia mekundu, yakatoka maangavu kama machozi. Jirani yake mkulima, Bibi Bustani, aliyakinga kwa kiganja akapiga vigelegele.

Kazi ya kubadilisha makaa yaliyoshiba rangi alipewa mdogo wake Mama Rangi, kijana aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Huyu ni damu yangu," alijigamba. "Nikigeuka, najua nani kanishikia nyuma."

Haukupita muda, Bibi Bustani akaja na kikapu cha mboga zilizonyauka.

"Shoga, maji yamekuwa mekundu tena."

"Haiwezekani. Mdogo wangu anasimamia."

"Basi muulize. Wenzangu wanataka kwenda kwa afisa. Mimi nimeona nije kwako kwanza."

Mama Rangi alipandwa na mori. "Tangu nisimame tena, hulali! Sema tu una kijicho!"

Bibi Bustani alimtazama, akajitwika kikapu chake, akaondoka bila kuaga.

Afisa alipofika, Mama Rangi alimpeleka kwenye mapipa kifua mbele. Yalikuwa makavu, buibui wametanda midomoni. Nyuma ya mapipa hayo, chini ya magunia, mpira mnene ulimwaga maji ya rangi moja kwa moja mtaroni.

"Nini hiki, mdogo wangu?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Dada, maji katika mapipa yako yalikuwa yanatambaa kama konokono. Wateja wanataka vitambaa upesi. Nilidhani hutajua."

"Hukudhani. Ulijua sitaangalia."

Lango likapigwa kufuli. Mama Rangi alishuka bustanini kuomba radhi, miguu mizito kama nanga. Bibi Bustani alikuwa aking'oa mboga zilizoungua, shina baada ya shina. Aliitikia salamu kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgeni.

"Sina kinyongo, mama," alisema. "Lakini udongo ndio huu."

Hakumwita shoga tena. Mama Rangi aligeuka, akapanda kurudi kwenye lango lenye kufuli. Yule aliyemtakia heri, yeye mwenyewe alimfukuza kwa matusi. Aliyemmaliza alikuwa akila naye sahani moja. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.