Mkongojo wa Bi Siwema

Hapo zamani, na si zamani sana, maana zahanati ilikwishajengwa na mizani ya kupimia watu ilikwishaletwa, palikuwa na mpishi wa harusi katika mji wa Mvumoni, jina lake Bi Siwema. Mumewe alikuwa Mbaruku, mkulima. Binti yao wa pekee alikuwa Tunu, fundi cherehani, aliyeposwa na Jabu wa milimani, mwendo wa siku mbili. Huyu Tunu ndiye nitakayemfuata, kwa sababu yeye ndiye aliyeumia moyo kabla ya wengine kujua kama kuna la kuumiza.

Bi Siwema alikuwa mnene. Msinitazame hivyo. Mvumoni unene haukuwa aibu, na mpishi mwembamba nani angemwamini? Tena ilikuwapo ada: siku ya harusi mpishi hula sahani ya kwanza mbele ya wakwe wa pande zote mbili, aimalize, ndipo wageni wanawe mikono. Asipoimaliza, chakula kina nuksi. Bi Siwema alizimaliza sahani hizo kwa miaka ishirini na miwili.

Kisha miguu yake ikaanza kufa ganzi. Mganga wa zahanati akampima damu, akampandisha kwenye mizani, akamwambia ana sukari. Apunguze mwili, aache vya mafuta, wali aupunguze, atembee kila siku, arudi baada ya miezi sita. Akipuuza, mguu utaoza siku moja na utakatwa. Zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima, kwa hiyo mizani ile hawakuiona tena mpaka mambo yalipoharibika.

Watu watatu walimpenda Bi Siwema, na kila mmoja alimsaidia kwa njia yake.

Mbaruku alisema haiwezekani mke ale mchicha na mume ale wali wa nazi katika nyumba moja. Akaapa: utakachokula nami nitakila, utakachokiacha nami nitakiacha. Wakala mchicha, wakala mlenda, wakala kunde za kuchemsha. Lakini Mbaruku alikuwa mwembamba tangu ujana wake, na jembe halina huruma.

Bi Zamda, jirani na shoga yake tangu utotoni, alisema chakula peke yake hakitoshi. Kila alfajiri akamgongea mlango, wakaenda kwa miguu mpaka mtoni na kurudi. Zamda hakuwa na maneno laini. Siku Bi Siwema aliposema amechoka, Zamda alimjibu kwamba miguu haijasema hivyo, aliyesema ni mdomo. Wakaenda.

Na Tunu? Tunu alikuwa na sindano tu.

Kila Ijumaa Bi Siwema alijipima kwa gauni lake la kijani la harusini. Mwezi wa kwanza gauni lilimlegea kidogo, akacheka mpaka jirani wakasikia. Mwezi wa pili gauni likagoma kulegea zaidi. Ijumaa moja alilivua upesi akalikunja. Ijumaa ya pili alilitupa kitandani. Ijumaa ya tatu Tunu alimkuta jikoni na bakuli la vitumbua mapajani, analia huku anakula.

"Najitesa bure, mwanangu," alisema. "Bora nife nimeshiba."

 Kesho yake mama alipokwenda mtoni, Tunu alilichukua lile gauni, akafumua mshono wa ubavuni, akaachia nusu kidole kila upande, akashona tena. Ijumaa gauni likaingia bila taabu. Bi Siwema akawamwagia kuku vitumbua vyote, na siku ile akaenda mtoni mara mbili.

Basi Tunu akafumua tena. Na tena. Alijiambia kwamba uongo huu ni dawa, na mama akipungua kweli ataukaza mshono kimyakimya, mambo yaishe. Huo ndio uliokuwa mpango wake. Mipango ya wanaopenda huwa mizuri. Ubaya wake ni kwamba haisikilizani.

Mwezi wa nne Bi Zamda alisimama ukingoni mwa mto akasema, "Gauni limelegea, shoga yangu, lakini nyayo zako kwenye tope zinazama vilevile. Mimi nazitazama kila siku. Hujapungua."

Bi Siwema alisema huo ni wivu. Alimwambia asimgongee tena mlango wake. Zamda naye alikuwa na kiburi chake. Kesho yake hakugonga, wala keshokutwa. Tunu alimsikia mama akiamka alfajiri, akikaa kungoja hodi, kisha akirudi kulala. Siku ile angeweza kusema. Alifungua mdomo kabisa. Mama akageuka mbele ya kioo, akajishika kiuno, akauliza, "Unaniona lakini?" Tunu akasema anamwona, kisha akatoka nje akajichukia.

Mwezi wa tano Mbaruku alianguka shambani, akaletwa amebebwa. Bi Siwema akamwonea huruma, akampikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Mbaruku akasema kiapo ni kiapo, hawezi kula asichokula mkewe. Basi mke akala ili mume apone. Leo bakuli moja, kesho bakuli moja.

Mwezi wa sita ikaja harusi ya watu wakubwa. Bi Siwema alikuwa ameazimia kuonja tonge moja tu, ada ikivunjika na ivunjike. Tunu alisimama nyuma yake. Wakwe wakatazama. Mama akalitazama gauni lake lilivyolegea, akatabasamu.

"Nimeshapungua," akamnong'oneza Tunu. "Sahani moja hainirudishi nyuma."

Akaimaliza, akaongezwa, akaimaliza na hiyo. Alipokwenda kuangalia masufuria yake akakanyaga kaa la moto, asilisikie. Kidonda alikigundua siku ya tatu, kwa harufu. Kule zahanati mizani ilionyesha amezidi uzito wa siku ya kwanza. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Sasa Mvumoni wana sheria yao: mvunja mguu ndiye mkongojo. Aliyemtia mwenzake kilema hubaki naye nyumbani, amwogeshe, ambebe, ampikie, mpaka mmoja wao afe. Haolewi, haoi, hahami, wala hana kazi nyingine. Jumbe akaitisha baraza ili mkongojo ajulikane. Kwa kawaida watu hulikimbia kosa. Siku ile waliligombania.

Mbaruku akasema, "Ni mimi. Nilijifunga kiapo nisichokiweza, nikamrudisha kwenye wali kwa mkono wangu." Tunu aliitazama mikono ya baba yake, ambayo haikuweza tena kuinua hata ndoo ya maji.

Bi Zamda akasema, "Ni mimi. Niliujua ukweli nikausema mara moja, kisha nikanuna kwa neno moja tu. Ningegonga mlango, angetembea." Nyuma yake walikaa wajukuu wanne, yatima, ambao hawakuwa na mwingine wa kuwalisha.

Tunu akalitandika gauni la kijani mkekani, akaligeuza nje ndani. Kila mtu akaona vitobo vya sindano, mstari baada ya mstari, na mishono ya zamani iliyofumuliwa. Jabu alikuwapo. Alitazama vile vitobo, kisha akatazama chini.

"Ni mimi," Tunu akasema. "Mama aliniuliza kama namwona, nikamdanganya."

"Bila uongo huo angeacha tangu mwezi wa pili," Zamda akasema.

"Na kwa uongo huo alimaliza sahani mbili," Tunu akajibu.

Bi Siwema, aliyelazwa kwenye kitanda cha kamba, akawanyamazisha. Akasema mkono uliokula ni wake na mdomo ni wake, wamwache, mtoto aende akaolewe. Jumbe akamwambia kwa upole kwamba sheria haimjui mtu aliye mkongojo wake mwenyewe, na usiku na mchana lazima pawe na mtu wa kumwinua.

Ndipo mama akalivuta lile gauni kifuani, akapapasa mishono yake kwa kidole. Uso wake ulisinyaa.

"Ijumaa ile ya kwanza kabisa," akamuuliza binti yake, "nilipocheka. Na ile pia?"

"Ile ilikuwa kweli, mama. Ile sikuigusa."

Bi Siwema akaitikia kwa kichwa taratibu, akalia. Jumbe naye akainamisha kichwa asiweze kukata shauri, na hadi leo hajalikata. Mbaruku amesimama, Zamda amesimama, Tunu amesimama, na Jabu amekaa mlangoni anangoja kujua kama atarudi milimani peke yake.

Nyinyi mnaonisikiliza mmeshiba, na akili zenu zimetulia. Yule mama lazima ainuliwe. Je, kati yao, nani alistahili kuwa mkongojo wake?