Kuponi ya Watu Saba

Bwana Salmini, tajiri mwenye duka la nafaka, aligawa kuponi mtaani: mchele nusu bei, mradi familia ya watu saba ifike dukani yote kwa pamoja. Alijua hawatafika.

Bi Mwantumu, ambaye debe lake la mchele lilikuwa tupu, aliingia peke yake.

"Karibu, dada yangu! Familia iko wapi?"

"Inakuja, kaka. Nikae niisubiri?"

"Kaa tu," Salmini akacheka.

Wateja wakaanza kuingia, naye akawapokea kwa maneno yake matamu ya kila siku. "Shangazi, karibu! Mjomba, umepotea! Mama mdogo, umependeza! Binamu, sogea! Babu, shikamoo!"

Bi Mwantumu akasimama, akaweka kuponi mezani. "Tumetimia, kaka."

"Nani na nani?"

"Shangazi, mjomba, mama mdogo, binamu na babu. Mimi dada yako, wa sita."

"Na wa saba?"

"Si wewe, kaka?"

Salmini alitaka kuwakana, lakini wote walikuwa wanamkodolea macho, vikapu mikononi. Akapima mchele kwa nusu bei.

Tangu siku hiyo, kila aingiaye dukani kwake huitwa mteja.