Sufuria ya Matanga Huzibwa na Harusi

Sufuria ya matanga huzibwa na harusi. Mliisikia methali hiyo jana jikoni, mkacheka, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Ilitoka Pangani, na chanzo chake ni hiki.

Asubuhi moja ya Alhamisi, wakati wa mvua za vuli, moto ulizimika chini ya sufuria kubwa kwenye matanga ya seremala mmoja. Maji ya wali yalikuwa yamevuja yote. Waliokuja kuzika wakala tende.

Sufuria hiyo ilikuwa moja ya tatu za shaba ambazo Bi Mwanakombo aliziweka wakfu kabla ya kufa: zipikie matanga, na mfiwa asitozwe chochote. Kwa kuwa zilikuwa za wote, hakuna aliyezipeleka kwa fundi. Msimamizi wa wakfu, Bi Mize, aliwaomba watu wachange. Wakaitikia "inshallah," wakaenda zao. Ndipo akaanza kuzikodisha kwa harusi, na kodi ya kwanza ikaziba tundu la kwanza.

Bwana Mbaruku, ambaye hakukosa swala ya jamaa wala la kusema, akamshtaki kwa kadhi.

"Anafanya biashara kwa mali ya wakfu," alisema. "Marehemu alitaja matanga, hakutaja harusi. Avuliwe usimamizi."

Kadhi akaagiza sufuria mbili zitiwe maji: iliyozibwa na isiyozibwa. Akamwomba Bwana Mbaruku ainyanyue ile isiyozibwa, aikague. Maji yakamchuruzikia kanzuni mpaka miguuni.

"Marehemu alitaka nini, Bwana Mbaruku? Shaba ikae, au wafiwa wale?"

"Wafiwa wale," alijibu, huku akikamua kanzu.

Kadhi akaamua kwamba kukodisha kunaruhusiwa, mradi pato lote lirudi kwenye sufuria na mfiwa asilipe. Na msiba ukitokea, harusi ipishe, hata kama mchele umeshaoshwa. Kwa masharti hayo Bi Mize akabaki na usimamizi wake.

Mfunguo mosi uliofuata, Ramadhani ilipokwisha, Bwana Mbaruku alimwoza binti yake. Alikodi sufuria zote tatu, na kodi yake ikaziba ya mwisho iliyokuwa ikivuja. Siku ya harusi, nyama ikiwa jikoni, Bi Mize akapiga hodi.

"Bwana Mbaruku, mume wa Bi Saumu amefariki alfajiri. Nimefuata sufuria."

"Leo? Na wageni wangu je? Mimi nimelipa, Bi Mize!"

"Umekodi, baba, hukununua. Au turudi kwa kadhi? Naona leo kanzu ni mpya."

Wapishi wakaangua kicheko. Bwana Mbaruku akajikaza, akashindwa, akacheka pia. Chakula kikahamishiwa kwenye visufuria vya majirani, vyeusi, vya kila ukubwa, na wageni wakala kwa zamu mpaka alasiri.

Kwenye matanga, hakuna sufuria iliyovuja. Bi Saumu alikiona kiraka kipya kinang'aa, akauliza nani amekitia.

"Bwana Mbaruku," aliambiwa, "kwa harusi ya binti yake."

Wengine husema mjane huyo alitabasamu, hilo sikulithibitisha. Neno lake, hata hivyo, walilisikia wote waliokuwa jikoni:

"Kumbe sufuria ya matanga huzibwa na harusi."